Ngozi hiyo msiikande

Mwangaluka, mama zangu. Shikamooni. Akina baba mliowasindikiza sogeeni mbele, maana nyumbani ninyi ndio mtakaokiangalia kidonda.

Titi likiondolewa kwa ajili ya saratani, daktari huibandua ngozi kutoka kwenye nyama ya chini. Mishipa ya damu iliyokuwa ikiilisha kutokea humo hukatwa, ikabaki kutegemea vijishipa vyembamba vinavyopita ndani yake yenyewe. Wakulima wa mpunga wa Magu mnanielewa: maji yakipungua mferejini, jaruba la mwisho hukauka kwanza. Kifuani, jaruba la mwisho ni kando ya mshono. Hapo ndipo ngozi hufa.

Kwa hiyo mkiulizwa habari za sigara na ugoro, msikasirike. Nikotini hubana mishipa, ipite kinywani au puani. Acheni walau wiki 4 kabla ya upasuaji. Kisukari, unene uliozidi na mionzi ya matibabu mliyopigwa awali navyo huongeza hatari.

Sasa lililonileta. Upasuaji hukata pia neva za ngozi, kifua kikafa ganzi kwa miezi, pengine maisha yote. Nikiwa nesi mchanga nilimruhusu mama mmoja wa Ukerewe kurudi nyumbani. Nilimweleza vidonge, mrija wa kutolea maji, tarehe ya kurudi. Habari ya kukanda sikumwambia. Binti yake akamkanda kwa taulo la maji ya moto, kwa mapenzi, kama tunavyomkanda mzazi aliyetoka kujifungua. Mama hakusikia chochote. Aliporudi, ngozi ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi. Ilikatwa, kidonda kikaoshwa wiki nyingi, na tibakemikali yake, zile dawa za kuua saratani, ikasubiri. Kosa lile lilikuwa langu. Kila ninayemruhusu sasa namwambia mara mbili, na aliyekuja kumchukua namwambia pia: msikande, msiweke chupa ya moto, wala barafu.

Mtaambiwa ngozi inayokosa damu hugeuka bluu. Kwenye weusi wetu bluu hiyo hujificha. Nawa mikono, gusa kwa mgongo wa kiganja, linganisha joto na upande wa pili. Tafuta malengelenge, harufu, usaha. Kifua kikivimba ghafla siku za mwanzo, huenda damu imevilia ndani na inaisukuma ngozi, usingoje kuche. Kigaga cheusi kikavu, kidogo kama ukucha, mara nyingi tunakiacha kijibandue chenyewe, lakini lazima tukione. Kikipanuka, au homa ikija, njoo siku hiyohiyo. Msipake majivu wala majani.

Wa visiwani, najua kivuko hakingoji mgonjwa. Basi usitoke wodini bila namba ya simu ya wodi kuandikwa kwenye kadi yako. Ukiona mabadiliko usiku, piga, uambiwe la kufanya hadi kuche.

Mama pale nyuma, nimeuona mkono wako. Uliza.