Maji chini ya retina: lini leza, lini kungoja

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa Ujiji, hamjambo?

Mafundi wa mitumbwi mliopo hapa mtanielewa haraka. Mtumbwi ukivuja, kukumba maji hakutoshi. Fundi anatafuta upenyo ulipo, anaukalafati. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, retina. Chini yake ipo safu nyembamba ya seli inayozuia maji ya mishipa ya damu yasipande. Safu hiyo ikitoboka, maji yanatuama chini ya retina, mara nyingi katikati, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura ya mtu.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume wa miaka 20 hadi 50. Hakuna maumivu, jicho haliwi jekundu, ndiyo maana watu huchelewa. Mvuvi atakwambia mlingoti umepinda, au kuna doa la kijivu linalomfuata kila anapotazama. Leo ukifika nyumbani, ziba jicho moja utazame fremu ya mlango uone kama imepinda, kisha ziba la pili.

Sasa leza, yaani mwale mkali wa mwanga. Tunaingiza rangi kwenye mshipa wa mkono, tunapiga picha za jicho, tundu linaonekana likivuja. Likiwa pembeni, mwale hupigwa hapo kwa kama sekunde 0.1, na joto lake linaziba. Ila kila pigo huacha kovu. Tundu likiwa katikati kabisa, kovu hilo lingekuwa doa la kudumu, hivyo hapo hatuchomi. Maji yakikataa kukauka, ipo dawa iitwayo vateporfini: hupitishwa kwenye mshipa, kisha huamshwa kwa leza isiyounguza.

Wengi hawahitaji hata hiyo. Maji hukauka yenyewe kwa miezi 3 au 4, na leza ya kuchoma huharakisha tu. Mwishoni aliyengoja huona sawa na aliyechomwa.

Kinachoniumiza moyo ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho. Prednisoloni na deksamethasoni zinanunuliwa dukani kwa kila kikohozi na kila mwasho, nazo huchochea maji haya. Nawasihi, msizimeze bila kuandikiwa. Aliyeandikiwa naye asiache ghafla. Arudi kwa daktari wake amweleze habari ya jicho.

Mama pale nyuma anauliza kama krimu ya kung'arisha ngozi imo. Imo, mama. Soma boksi lake: ukikuta klobetasoli, hiyo ni steroidi, na hupenya ngozi ikaingia kwenye damu.