Mpelelezi Aliyeota Sugu: Mhadhara kwa Waandishi wa Tamthilia

Walimu wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokuja na miswada yenu mkononi, asanteni kwa kunialika.

Naomba nianze na simu. Inalia gizani. Inapolia mara ya tatu kitanda kinalialia, vidole vinapapasa mezani, kitu kidogo kigumu kinaanguka zuliani, kisha sauti ya mwanamume inaitika na kuuliza kama mtu amekufa. Anaomba robo saa. Taa inawashwa, ni saa nane na dakika tano usiku. Jamaa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu, anachukua karatasi na kifuko cha tumbaku na kuanza kusokota sigara. Anamwaga tumbaku kwenye karatasi, anaitandaza ilingane, anaviringisha taratibu, analamba ukingo. Aliyeuawa ni Miles Archer, mshirika wake wa kazi. Je, ameumia? Ameshtuka? Hatuambiwi. Tumepewa vidole tu.

Huyo ni mpelelezi Sam Spade, katika riwaya ya Dashiell Hammett, The Maltese Falcon, iliyotoka kama kitabu mwaka 1930 baada ya kwenda kwa mfululizo katika jarida la Black Mask. Hammett mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na nadhani huko ndiko alikojifunzia uandishi wake. Mpelelezi anaripoti alichokiona na alichokisikia. Yaliyomo moyoni mwa mtu hayaingii kwenye ripoti. Riwaya nzima imeandikwa hivyo: hatuingii kichwani mwa Spade hata mara moja.

Wengi wenu mmeniuliza namna ya kumrudisha mpelelezi wa zamani, yule aliyeota sugu, mgumu asiyeonyesha hisia zake, katika tamthilia ya televisheni ya leo. Mmeuliza habari za kofia, za bastola, za mvua ya usiku. Hayo fundi wa mavazi na fundi wa taa watayamaliza. Ninalotaka kulisema ni moja, na nimelibeba miaka mingi: mpelelezi huyu anakufa siku mnapoeleza kilichomo moyoni mwake.

Kabla sijafika huko, kuna jambo la sheria ambalo watu hulipuuza hadi linawauma. Kampuni ya Warner Bros. ilinunua haki za kuifanya riwaya ile filamu, ikaitengeneza mara 3, mwaka 1931, 1936 na 1941. Mwaka 1946 Spade akaingia redioni katika visa vipya kabisa. Warner wakaishtaki kampuni ya redio ya CBS wakidai mhusika ni mali yao. Mahakama ya rufaa ikaamua mwaka 1954 kwamba kuuza hadithi si kumuuza mhusika. Mhusika, ilisema, ni kete tu katika mchezo wa kusimulia. Kwa hiyo ukitaka kumfufua mpelelezi wa mtu, usiulize tu nani ana kitabu. Soma mkataba, na kama mwandishi ameshafariki, nenda kwa warithi wake.

Haya, turudi kwa Spade. Mzigo wa kwanza wa anayemfufua ni sura ya mwigizaji aliyetangulia. Hammett alimchora mtu mrefu, wa nywele za rangi ya dhahabu, mwenye uso uliojaa umbo la herufi V, kama shetani mwenye kupendeza. Mwaka 1941 akaja Humphrey Bogart, mfupi, mweusi wa nywele, na tangu hapo dunia nzima ikimtaja Spade inamwona Bogart. Mwigizaji mmoja alifuta maelezo ya mwandishi!

Mwaka 2024 kituo cha AMC kilionyesha Monsieur Spade, sehemu 6, kazi ya Scott Frank na Tom Fontana, na Spade akawa mwigizaji Clive Owen. Uamuzi wao ulinifurahisha kwa ujasiri wake. Walimtoa San Francisco, mji wa ukungu, wakamweka Bozouls, kijiji cha kusini mwa Ufaransa kilichokaa ukingoni mwa korongo. Mwaka ni 1963. Spade amestaafu, amefiwa na mke. Na angalieni walichofanya mwanzoni kabisa: daktari anamwambia mapafu yameharibika, aache sigara. Ile sigara! Mikono iliyokuwa ikimsemea imenyang'anywa kazi yake. Mtu aliyebuni hilo alikuwa ameisoma riwaya kwa mapenzi.

Halafu wakampa kijiji chenye jeraha. Algeria imepata uhuru kutoka kwa Ufaransa mwaka mmoja tu nyuma, 1962, na wanaume wa pale wamerudi kutoka vita vya huko na mambo wasiyoyasema mezani. Spade, mtu wa kimya, amewekwa kati ya watu wenye kimya kizito kuliko chake. Jeraha ni la mahali, na yeye anabaki jicho linalotazama. Ndiyo maana naamini ufufuo ule ulisimama, ingawa nina lawama yangu: kumbukumbu za mkewe zimerudiwa mno, na kila zinaporudi Spade anapungua kidogo.

Linganisheni na tamthilia ya Perry Mason ya kituo cha HBO, ya mwaka 2020. Katika vitabu vya Erle Stanley Gardner, Mason ni wakili na hatujui karibu chochote kuhusu maisha yake. Tamthilia ikaanza naye akiwa mpelelezi wa kujitegemea, Los Angeles, mwaka 1932, na ikatupeleka hadi kwenye mahandaki ya vita kutuonyesha kilichomvunja. Matthew Rhys aliigiza vizuri sana, sibishi. Lakini tukishapewa chanzo cha kidonda, kila anachokifanya tunakipigia hesabu: ah, ni vita ile. Tumeacha kumtazama, tunamtibu.

Najua mtauliza: sasa saa 6 au 8 za tamthilia zitajazwa na nini? Katikati ya riwaya ya Hammett, Spade anamsimulia mteja wake kisa cha mtu aitwaye Flitcraft. Mtu huyo alitoka kazini kwenda kula mchana, boriti ikaanguka kutoka jengo lililokuwa likijengwa, ikamkosa kidogo. Hakurudi nyumbani. Alimwacha mke na watoto, akatangatanga, kisha akaoa tena mji mwingine na kuishi maisha yaleyale aliyoyakimbia. Alikuwa amezoea maboriti kuanguka, na yalipoacha kuanguka akazoea na hilo. Filamu ya 1941 ilikiacha kisa hiki, haikuwa na nafasi. Tamthilia inayo! Spade anasimulia habari za mtu mwingine, bila hata kusema kwa nini, na sisi tunamwona yeye.

Kwetu tunaye Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, mpelelezi wa kujitegemea ambaye vijana wa miaka ya themanini walimsoma chini ya madawati. Anangoja televisheni. Mtakaomchukua, nawasihi, msimtafutie utoto wa mateso wala baba mlevi. Mtafutieni mahali penye jambo linalofichwa, mumsimamishe hapo, mumwache atazame.

Muda wangu unaisha, na tuna mswada wa dada aliyeketi pale dirishani. Nimeusoma jana. Ukurasa wa kwanza simu inalia usiku, rafiki wa mpelelezi ameuawa, na mpelelezi anazungumza mistari 11 kuhusu maumivu yake. Dada, tuikate yote 11. Kisha utuambie ameshika nini mkononi.