Msimu wa Kwanza Ligi Kuu Huanzia Ofisini

Ndugu viongozi wa vilabu, tuanzie Chamazi, Dar es Salaam, Agosti 2023. Kitayosce ya Tabora, ambayo baadaye ikaitwa Tabora United, ndiyo kwanza imepanda na inafungua msimu ugenini kwa Azam. Inaingia uwanjani na wachezaji wanane. Wengine wapo, wametambulishwa kwa mbwembwe, ila leseni za kuchezea hawana. Wawili wakaumia, wakabaki sita, na sheria hairuhusu mchezo kuendelea timu ikiwa na watu chini ya saba. Mechi ikaishia hapo, Azam wakiongoza 4-0, hata mapumziko bado.

Timu ikipanda, wanachama hubishana kuhusu kocha na mshambuliaji. Mimi nawaomba muanze na madeni. Mchezaji wa kigeni akiwashtaki FIFA na kushinda, mna siku 45 za kumlipa tangu awape akaunti yake ya benki. Zikipita, mnaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu ya usajili. Na kabla ya kufika huko, mishahara ya miezi miwili ikilala, ana haki ya kuwaandikia akiwapa siku 15, kisha avunje mkataba na kudai fidia. Barua hiyo isilale kwenye droo ya katibu. Mpelekeeni mhasibu siku hiyohiyo.

Kwa mgeni mnayemsajili, mkataba peke yake hautoshi: kuna hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA, kibali cha kazi na cha ukaazi, ndipo leseni ya TFF, shirikisho la soka nchini. Kimoja kikikwama, anakaa jukwaani na mshahara anakula. Jina likipishana herufi moja na lililo kwenye pasipoti, faili linaweza kurudi. Kwa hiyo anayetua siku mbili kabla dirisha halijafungwa, mhesabuni hayupo.

Sasa pointi. Timu ni 16, mechi 30. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia mtoano wa kupigania kubaki. Wekeni lengo la pointi 36. Nyumbani shinda nane, sare tano: 29. Ugenini shinda moja, sare nne: saba. Mnaona wenyewe hesabu inaegemea wapi. Uwanja wenu ukikataliwa kwenye ukaguzi mkahamia mkoa mwingine, zile 29 hazipo tena, na nauli na kambi mnalipa hata mkiwa wenyeji. Nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio na taa vikaguliwe na watu wenu kabla wakaguzi hawajafika.

Kishawishi kikubwa ni mechi za Simba na Yanga. Kuzipeleka uwanja mkubwa wa mkoa mwingine kwa ajili ya mapato ya mlangoni ni kuuza pointi, hata kama mweka hazina atanichukia kwa kusema hivyo. Ihefu waliwakaribisha Yanga kwao Mbarali, Novemba 2022, wakashinda 2-1 na kukata mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kufungwa.

Dirisha dogo la usajili, la katikati ya msimu, nalo lisiwadanganye. KenGold walipanda 2024, hali ikawa mbaya, na Januari 2025 wakaleta majina makubwa: Bernard Morrison, Kelvin Yondani na wengine. Februari Yanga wakawafunga 6-1, na mwisho wa msimu walishuka. Wachezaji wapya wengi kwa mkupuo hawazoeani wakati kila wiki mnahitaji pointi. Januari ongezeni wawili, watatu, beki na kipa kwanza.

Wanaofanikiwa nao wana hatari yao. Singida United walimaliza wa tano msimu wao wa kwanza baada ya kupanda, 2017/18. Mwaka 2020 wakashuka. Kwa hiyo kila mkataba wa msimu wa kwanza uwe na kipengele cha mshahara kupungua timu ikishuka. Mchezaji mzuri atakataa. Mpeni naye kipengele chake: timu ikishuka, aondoke kwa bei iliyoandikwa humohumo.