Nani Amekula Yai? Mbwa, Paka na Panya Kwenye Viota vya Ardhini

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na ndege aliye kwenye bendera yetu ya Uganda. Korongo taji hujenga kiota chini, katikati ya majani ya kinamasi. Hutaga mayai 2 hadi 4, dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa siku 28 hadi 31, kisha makinda hutembea na wazazi wao kwa wiki nyingi kabla ya kuweza kuruka. Jumlisheni wenyewe: karibu miezi mitatu, pengine zaidi, familia nzima iko ardhini, palepale ambapo mbwa wa wachungaji hukatiza kila asubuhi. Kanga na kwale wana shida hiyohiyo. Kwale wa Nahan, wa misitu ya Mabira na Budongo, hutaga chini kabisa, kwenye pembe za mizizi mipana ya miti mikubwa.

Tukizungumzia kazi hii ya kulinda viota dhidi ya wanyama walao mayai, nchi inayotajwa daima ni New Zealand. Kule, ukiondoa popo, hapakuwa na mamalia wa asili wa nchi kavu. Stoti, ambao ni jamaa wa kicheche, walipelekwa miaka ya 1880 ili wale sungura, nao wakawageukia ndege. Mwaka 1987, katika msitu wa Waitangi, mbwa mmoja tu aliua kiwi 13 kati ya 23 waliokuwa wamefungwa vifaa vya kutoa mawimbi ya redio, na watafiti wakakadiria kwamba kwa jumla aliua kama 500. Mbwa mmoja, ndani ya wiki chache!

Lakini hapo ndipo tunapoiga vibaya. Wao hutumia sanduku la mbao lenye mtego wa chuma unaoua papo hapo, na mlango wa milimita 60 kwa 60. Kwao chochote chenye manyoya kinachoingia ni mgeni. Liweke sanduku hilo kando ya Mabira, na nguchiro mwembamba ataingia bila taabu, naye ni mwenyeji kama kwale mwenyewe. Tuna kanu, tuna fungo, tuna paka-mwitu. Wamekula mayai tangu zamani, na ndege wamezoea kuishi nao. Wageni wetu ni watatu: mbwa, paka wa nyumbani na panya mweusi. Mtego usioweza kuwatofautisha na wenyeji usitegwe.

Kwa hiyo kabla ya kununua waya, jueni nani amekula yai. Yai lililoanguliwa salama huacha ganda lililokatwa kama kifuniko upande wa butu, na utando umebanduka ndani. Panya huacha kingo zenye alama za meno na vipande vidogo vidogo, mara nyingi vimeburutwa hadi chini ya kichaka. Nguchiro hulirusha yai nyuma, katikati ya miguu yake, ligonge jiwe. Ukikuta maganda yamepasukia kwenye jiwe moja, usimsingizie paka. Kenge humeza yai zima, hivyo kiota hubaki kitupu na kisafi. Binadamu naye huacha kiota kitupu na kisafi, kwa hiyo tazameni nyayo. Kule Musambwa, visiwa vya shakwe katika Ziwa Nyanza, mayai yalikuwa yakikusanywa na watu, na mtego wa panya hauwezi kutibu hilo.

Dalili zikigongana, wekeni kamera umbali wa mita 3 hadi 5, kwenye kijiti, isigusane na majani, kwa sababu jani linalotikisika litajaza kadi kwa usiku mmoja. Kosa kubwa ni la miguu yetu: mtu huenda hadi kwenye kiota kisha hurudi kwa njia ileile. Njia inayoishia kwenye kiota ni mwaliko kwa kila pua. Piteni kando ya kiota, endeleeni mbele, mtokee upande mwingine.

Mbwa hatumtegi. Mbwa ana mwenyewe. Dawa yake ni kamba na chakula: afungwe alfajiri na jioni katika msimu wa kutaga, na apewe chakula kabla ya kwenda malishoni. Ombi hili lipite kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, lisitoke kwa askari wa doria. Liunganisheni na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa chanjo inataka kufikia angalau 70% ya mbwa wa eneo, na daktari wa mifugo akiwa amekuja ahasi siku hiyohiyo. Watu huleta mbwa kwa ajili ya chanjo. Kwa ajili ya ndege peke yake hawaji, na siwalaumu.

Paka asiye na mwenyewe hukamatwa kwa kizimba cha waya chenye urefu wa sentimita 80 hadi 90. Mtangaze wiki moja kabla, ili wenye paka wawafungie ndani. Kizimba kikae imara. Kikiyumba chini ya mguu wa mbele, paka hurudi nyuma na huenda asiingie tena. Mukene wakavu, yaani dagaa, wawekwe nyuma ya kibao cha kufyatulia, si juu yake, na punje chache tu mlangoni. Funikeni kwa gunia, tegeni jua likizama, kagueni kabla ya saa moja asubuhi. Mchana kizimba kifungwe, maana jua la saa tano huua kilichomo. Mkikuta paka mwenye miguu mirefu na masikio mekundu-kahawia kwa nyuma, huyo ni paka-mwitu: simameni nyuma ya kizimba, fungueni, aende. Kwa kuwa mtego unaweza kukamata mnyamapori, pateni kwanza kibali cha mamlaka ya wanyamapori chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019.

Msiwaondoe paka wote mkadhani mmemaliza. Kisiwa cha Hauturu, New Zealand, paka walimalizwa mwaka 1980, panya wakaongezeka, na ndege wa bahari wanaotaga mashimoni wakafanikiwa kuzaa kidogo kuliko hata zamani. Hali iligeuka baada ya panya nao kuondolewa mwaka 2004. Hesabuni panya kwanza.

Kwa panya, jerikeni ya lita 5 iliyokatwa pande mbili, ikalazwa chini, inatosha kuwa handaki. Mtego wa kawaida ukae katikati, ndege asiufikie kwa mdomo. Chambo ni karanga zilizosagwa, odii ya kaskazini ni nzuri sana. Panya huogopa kitu kipya, basi acheni mitego bila kutegwa usiku 3 hadi 5, wale wazoee. Siafu watakula chambo mapema mkitega mchana, tegeni jua likizama. Umbali kati ya mtego na mtego uwe mita 50, na mita 25 kando ya maji na karibu na nyumba. Vaeni glavu, mkojo wa panya una magonjwa.

Sumu? Zile kali za siku hizi hubaki kwenye ini la panya, na bundi akimla hupata sehemu yake. Mbaya zaidi ni dawa za shambani kupakwa kwenye nyama. Mwezi Machi 2021, simba 6 walikutwa wamekufa Ishasha, katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na tumbusi wamelala wafu kando yao. Sumu ya nyama haichagui chochote.

Kisiwani, panya wa mwisho kukamatwa si mwisho wa kazi. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, na mtumbwi mmoja wenye magunia unaweza kumleta jike aliyekwisha kupata mimba. Magunia yakung'utwe ufukoni kabla ya kupakiwa. Kwenye gati wekeni mahandaki mawili yenye karatasi na wino, yakaguliwe kila wiki. Nyayo za panya zikionekana, usiku uleule rudisheni mitego, kila mita 25, kuzunguka gati lote.