Jinsi ya kufunga na kutumia meza ya sumaku-umeme kwenye safesi grainda

Fundi, karibu. Leo tunafunga meza ya sumaku-umeme kwenye safesi grainda, mashine inayosawazisha uso wa chuma kwa jiwe linalozunguka. Hakuna jiriwa wala boliti ya kukaza kipande, ni sumaku peke yake. Kwa hiyo kabla jiwe halijaanza kuzunguka lazima uwe na uhakika wa mambo mawili: koili zote (nyaya zilizozungushwa ndani ya meza, zinazotengeneza sumaku) zinapata mkondo, na kipande kimelala vizuri kwenye meza. Kuona taa ya kidhibiti, yaani kisanduku kinacholisha meza umeme, imewaka hakutoshi.

Soma kibao cha meza. Hii yetu imeandikwa volti 110 za DC (mkondo wa upande mmoja), wati 220. Gawa 220 kwa 110 upate ampia 2. Ndani kuna koili 4 zilizounganishwa sambamba. Angalia uso wa juu: mistari ya chuma, na kati yake mistari myembamba ya brasi. Brasi haivutwi na sumaku, ndiyo maana uga wa sumaku unalazimika kupanda juu na kupita ndani ya kipande chako ili uvuke kutoka ncha ya kaskazini kwenda ya kusini. Kipande kisipogusa angalau ncha mbili, hakishikwi hata ukiongeza umeme.

Sasa vipimo, na meza bado haijaungwa kwenye kidhibiti. Hilo la kutounga zingatia sana, maana mega, kipimo kinachotumia volti kubwa kukagua insulesheni, itaua elektroniki za kidhibiti. Weka multimita kwenye nyaya mbili za meza: tunategemea omu 55. Ukisoma karibu 73, koili moja kati ya nne imekatika. Kisha weka mega ya volti 500 kati ya waya mmoja na bodi ya meza. Ikishuka chini ya megaomu 1, usiifunge. Mara nyingi maji ya kupozea yameingia kupitia mahali waya unapotokea au kwenye nyufa za gundi juu ya uso. Ikaushe, ziba, pima tena.

Safisha kitanda cha mashine, pitisha jiwe la mafuta kuondoa vinundu, futa kwa kiganja. Kiganja kinahisi chembe ambayo jicho halioni, na hakiachi nyuzi kama kitambaa. Weka meza, kaza boliti za ncha zote mbili, unga waya wa ethi kwenye bodi.

Kidhibiti kinabadilisha AC kuwa DC. Hapa kuna kosa linalounguza vifaa: fundi anaweka dayodi moja (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na koili ili kumeza ule mshtuko wa volti unaotokea mkondo unapokatwa. Kwa koili ya kawaida ni sahihi. Lakini kidhibiti chetu hugeuza mwelekeo wa mkondo wakati wa kutoa sumaku, na mkondo ukigeuka dayodi hiyo inakuwa shoti. Tumia varista, kifaa kinachomeza volti ikizidi kiwango, inafanya kazi pande zote mbili.

Tufunge rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuzuia mota ya jiwe isiwake kabla meza haijashika. Iwe rilei ya mkondo, siyo ya volti. Waya ukikatika ndani ya meza, volti 110 bado zipo na rilei ya volti itaruhusu jiwe lizunguke. Tuiweke ampia ngapi? Meza baridi inavuta 2. Ikipanda joto kwa nyuzi 40, ukinzani wa shaba unaongezeka karibu asilimia 16, mkondo unashuka hadi kama 1.7. Koili moja ikikatika, meza baridi inavuta 1.5. Kwa hiyo tunaweka 1.6: joto la kawaida halisimamishi kazi, koili iliyokatika inasimamisha.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Mota inazimika, lakini jiwe linaendelea kuzunguka kwa kasi yake, na meza imeachia. Hii ni ajali kabisa. Unganisha betri 9 za volti 12 kwa mfululizo, zinatoa volti 108, zipitishe kwenye dayodi kuelekea ingizo la DC la kidhibiti. Zikiwa za ampia-saa 7 zitashika meza kwa muda mrefu kuliko jiwe linavyohitaji kusimama. Kama karakana ina uwezo, meza ya sumaku ya kudumu inayowashwa kwa mpigo mmoja wa umeme ni bora zaidi, kwa sababu inashika bila umeme.

Washa meza, kisha saga uso wake wenyewe kwa mikato ya milimita 0.005, maji yakitiririka. Isagwe ikiwa imewaka, kwa sababu mvuto wa sumaku huupinda uso kidogo, na tunataka uwe bapa katika hali ya kufanya kazi.

Sasa weka kipande. Ondoa kutu na magamba chini yake. Nguvu ya kushika hufuata mraba wa msongamano wa uga: kwa tesla 1 unapata takriban newtoni 40 kwa kila sentimita mraba, na uga ukipungua nusu nguvu inabaki robo. Gamba jembamba au chembe moja ya mchanga inatosha kuinua kipande na kupunguza uga hivyo. Vilevile nguvu hiyo inavuta kwenda chini. Kinachozuia kuteleza ni msuguano tu, na uso uliosagwa ukiwa na maji ya kupozea haubaki na zaidi ya moja ya tano ya nguvu hiyo. Weka vizuizi vya chuma pembeni, hasa upande ambao jiwe linasukuma, na kwa kipande kirefu chenye msingi mdogo vizuizi hivyo vikae kila upande. Vizuizi viwe vifupi kuliko kipande.

Chuma cha kusubu kinashikika hafifu kuliko chuma laini. Alumini, brasi na stenlesi nyingi hazishikiki kabisa.

Bati jembamba lililopinda linadanganya. Meza inalivuta likanyooka, unalisaga likawa bapa, ukizima linarudi kupinda. Kwanza liweke bila kuwasha, ingiza fila geji (bapa jembamba la kupimia pengo) pembeni ujue pengo ni kiasi gani, jaza kwa shimu (vipande vyembamba) za chuma, kisha washa.

Anza na milimita 0.01 kwa kila mpito. Sikia sauti: ikibadilika ghafla, inua jiwe kwanza, ndipo uchunguze.

Kutoa kipande, simamisha jiwe, kisha weka swichi kwenye nafasi ya kutoa sumaku. Kidhibiti kitageuza mkondo mara nyingi, kila mara ukipungua. Chuma kilichotiwa ugumu kwa moto huhitaji mizunguko miwili au mitatu. Usikivute kwa nguvu, utachora meza. Jaribu kwa unga wa chuma: ukishika kwenye kipande, rudia mzunguko. Na mwenye kifaa cha moyo asisimame karibu na meza ikiwa imewaka.