Mkemia wa Serikali Anapopanda Kizimbani

Ndugu waendesha mashtaka, mawakili na wapelelezi, katika kesi ya dawa za kulevya hapa Tanzania Mkemia wa Serikali anaitwa kujibu maswali mawili: hiki ni nini, na kina uzito gani. Kama mshtakiwa alikuwa akiuza au la, hilo si la maabara. Akibanwa aliseme, akatae.

Uzito ndio unaoamua miaka. Kwa heroini, mpaka ni gramu 200. Ukivukwa, ni kifungo cha maisha. Sasa chukua unga uliopimwa na nailoni yake ukasoma gramu 204. Ukimiminwa, pengine zinabaki 197. Kwa hiyo mizani isomwe mara mbili, na vifungashio na bila vifungashio, na tarakimu zote mbili ziandikwe kwenye ripoti.

Kipimo cha rangi ni cha kuanzia tu. Tone la Marquis, kimiminika cha kupimia, huigeuza heroini zambarau, lakini mofini nayo hutoa zambarau. Mtaalamu aliyeishia hapo atang'olewa na wakili yeyote aliyejiandaa. Uthibitisho unatoka kwenye mashine ya GC-MS, inayotenganisha kemikali na kuitambua kila moja kwa uzito wa vipande vyake, matokeo yakilinganishwa na sampuli rejea, yaani dawa ambayo tayari inajulikana ni nini. Na mirungi haisubiri: majani yakinyauka, kathinoni, kilevi chake kikuu, inageuka kathini, kilevi hafifu zaidi. Gunia likilala wiki nzima kwenye chumba cha vielelezo chenye joto, msishangae majibu. Yapelekwe mabichi, au yagandishwe.

Kesi nyingi hufia kwenye bahasha ya kielelezo. Ikiletwa mahakamani, mkemia aonyeshe lakiri yake, sahihi iliyopita juu ya kifuniko, namba ya maabara na tarehe. Hati ya ukamataji ikisema kete 52 na ripoti ikasema 50, hakuna mashine itakayowaokoa. Hukumu ya Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007 ilitaka maandishi ya kila mkono uliopitiwa na kielelezo: aliyekamata, aliyetunza, aliyepeleka, aliyepima. Hukumu za baadaye zimekubali pia maelezo ya mdomo, lakini unga ni kitu rahisi kubadilishwa. Andikeni.

Ripoti ikishapokelewa, isomwe kwa sauti, mshtakiwa asikie. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani huifuta kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana nasisitiza mkemia aitwe mwenyewe, hata pale sheria inaporuhusu karatasi peke yake: karatasi ikifutwa, maneno yake aliyoyatoa chini ya kiapo bado yanaweza kusimama.