Nani Anampima Mpimaji wa Madaktari?

Ndugu zangu, hili nimelisema kwenye mikutano mingi na nitalisema tena leo. Nyota anazopewa daktari zinatokana na hesabu, na hesabu ina mwenyewe. Kabla hujauliza daktari ana nyota ngapi, uliza nani kazihesabu na anapata nini.

Twendeni New York, mwaka 2007. Kampuni za bima zilikuwa zinawapanga madaktari kwa madaraja na kuwaelekeza wateja kwa wale wa juu. Mwezi Julai Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrew Cuomo, akaiandikia UnitedHealthcare isimamishe mpango wake, kisha akazigeukia nyingine. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayelipa bili ana kila sababu ya kumwita daktari wa bei nafuu "daktari bora". Oktoba, Cigna ikawa ya kwanza kutia saini makubaliano, na Aetna na UnitedHealthcare zikafuata.

Masharti yake ningependa kila mtu ayajue kwa moyo. Daraja lisitokane na gharama peke yake. Ubora upimwe kwa vigezo vya kitaifa, si vya kubuni ofisini. Idadi ya wagonjwa itoshe, na uzito wa maradhi yao uingizwe kwenye hesabu. Daktari aonyeshwe jinsi alivyopimwa na awe na pa kukata rufaa. Mgonjwa naye aelezwe. Juu ya yote, kampuni igharamie mkaguzi wa nje atakayeripoti kwa Mwanasheria Mkuu kila baada ya miezi 6.

Mtaniambia: kipimo chenye kasoro si afadhali kuliko kukosa kabisa? Si afadhali hata kidogo! Tazameni alama ya gharama inavyotengenezwa. Bili za mgonjwa zinakusanywa kwa ugonjwa mmoja, tuseme kisukari cha mwaka mzima. Mzigo wote anatwikwa daktari mmoja, yule aliyelipwa sehemu kubwa zaidi ya malipo ya madaktari, mradi ifikie asilimia 30. Kwa hiyo asilimia 70 iliyobaki inaweza kuwa kazi ya wenzake, na bado inaandikwa kwa jina lake. Kisha gharama halisi inagawanywa kwa gharama iliyotarajiwa. Jibu likizidi 1, wewe ni ghali. Daktari mwenye wagonjwa 12 akipatwa na mmoja aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, uwiano wake umeharibika kwa mwaka mzima, bila kosa lolote. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichambua bili za jimbo la Massachusetts za 2004 na 2005 kwa kanuni hiyohiyo. Matokeo yao ya 2010: madaktari wakigawanywa makundi mawili tu, wa nafuu na wa ghali, takriban asilimia 22 wanaangukia kundi lisilo lao. Zaidi ya mmoja kati ya watano!

Wala msinisingizie kwamba nawaficha madaktari. New York hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutangaza vifo vya upasuaji wa mishipa ya moyo, na majina ya wapasuaji yakatoka mwaka 1991 baada ya gazeti la Newsday kwenda mahakamani. Vifo, baada ya hali za wagonjwa kuzingatiwa, vilishuka kutoka asilimia 4.17 mwaka 1989 hadi 2.45 mwaka 1992. Nataka matangazo ya namna hiyo. Lakini kati ya 1989 na 1991 wagonjwa walioandikiwa maradhi sugu ya mapafu walipanda kutoka asilimia 6.9 hadi 17.4. Mapafu ya jimbo zima hayachakai kwa miaka miwili. Ugonjwa ukiandikwa, kifo kinatarajiwa, na alama ya mpasuaji inapona. Ndiyo maana mafaili lazima yakaguliwe, moja baada ya jingine.

Muda unanibana, na bei sijaigusa. Tangu Januari 1, 2021 hospitali za Marekani zinatakiwa kuweka bei zao mtandaoni, pamoja na orodha ya huduma 300 ambazo mgonjwa anaweza kuzipanga mapema. Ukiifungua, iruke bei ya juu ya orodha na utafute ile iliyopatanwa na bima yako. Halafu piga simu uulize kama malipo ya daktari wa nusukaputi yamo ndani, kwa maana mara nyingi huja kwa bili yake mwenyewe.